Kutazama Ndege kwa Gari Katika Nyika za Brazili: Mwongozo Kamili, Brasília Hadi Porto Jofre

Aliyezoea Serengeti akifika kwenye nyika ya Brazili, siku ya kwanza huona kama mahali patupu. Nyasi zipo, vichuguu vipo, miti iliyopinda yenye magome mazito ipo, ila hakuna nyumbu wala pundamilia, hakuna vumbi la kundi linalohama. Mwache alale. Kesho yake alfajiri seriema wawili, ndege wa nyikani wenye miguu mirefu, watapanda juu ya kichuguu, wainue shingo na kupokezana mlio unaofanana na kubweka kwa mbwa mdogo, mlio unaosikika zaidi ya kilomita moja. Nyika hii hujitambulisha kwa masikio kwanza.

Inaitwa Cerrado. Tamka "sehadu", maana rr ya Kireno cha Brazili hutoka kama h yetu. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 2, zaidi ya mara mbili ya Tanzania nzima, na ina aina zaidi ya 800 za ndege. Karibu nusu yake imeshalimwa au kugeuzwa malisho ya ng'ombe.

Wageni wengi wanaofuata ndege Brazili hushukia mji wa Cuiabá moja kwa moja, wakaingia Pantanal, bonde kubwa la kinamasi, wakapiga picha za jagwa, paka mkubwa wa huko anayefanana na chui, na korongo wakubwa, wakarudi makwao. Nawaelewa. Lakini ushauri wangu, ambao ndio uliopanga safari hii yote, ni huu: anza na nyasi, na uzipe siku nyingi kama utakazoyapa maji au zaidi. Pantanal itakuletea ndege hadi mlangoni. Ndege wa Cerrado wanatafutwa, baadhi yao hawapatikani kwingine duniani, na kila mwaka shamba la soya linawasogelea.

Hatua ya 1: Chagua majira

Mvua za huku hunyesha kuanzia Oktoba hadi Aprili, na kiangazi ni Mei hadi Septemba. Wakati mzuri kwa njia hii ni mwisho wa Agosti hadi wiki ya kwanza ya Oktoba. Pantanal inakuwa imekauka, samaki wamebanwa kwenye madimbwi, na ndege wala samaki wamejaa. Kwenye nyasi nako madume yanaanza kuimba na kucheza, yakinusa mvua inayokuja.

Gharama yake ni joto na moshi. Cuiabá mwezi Septemba hufika nyuzi 40. Moto ni tishio la kweli: mwaka 2020 uliteketeza zaidi ya robo ya Pantanal ya Brazili. Kabla ya kuondoka, fuatilia habari za moto kila wiki na uwe tayari kugeuza ratiba. Ukitaka hewa safi na baridi ya asubuhi, nenda Juni au Julai, ila ukubali kwamba ndege wengi wa nyasi watakuwa kimya, na ndege wa nyasi aliye kimya ni kama hayupo.

Novemba hadi Machi usijaribu Transpantaneira, barabara ya vumbi inayoingia Pantanal, kwa gari dogo. Tope lake halina huruma.

Hatua ya 2: Panga siku

Njia kamili inataka siku 18. Siku 2 Brasília, 3 Chapada dos Veadeiros, 2 za barabarani kuelekea kusini-magharibi, 3 Hifadhi ya Emas, 1 ya barabara hadi Cuiabá, 2 Chapada dos Guimarães, 4 Pantanal, na 1 ya kurudisha gari. Ukiwa na siku 10 tu, acha Veadeiros, usiache Emas. Veadeiros ina mandhari nzuri kupita zote na maporomoko ya kuogelea, lakini ndege wake wengi utawapata kwingine njiani. Ndege wa Emas hutawapata.

Hatua ya 3: Karatasi, ndege ya kusafiria, gari

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, njia rahisi ni Addis Ababa hadi São Paulo kwa Ethiopian Airlines, kisha ndege ya ndani hadi Brasília. Brazili ina ubalozi Nairobi na mwingine Dar es Salaam. Waulize kuhusu viza miezi mitatu kabla. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi ya njano ikae pamoja na pasipoti. Utaingia kwenye misitu yenye ugonjwa huo, na utakaporudi huenda ukadaiwa kadi hiyo uwanjani.

Chukua leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani. Makampuni ya kukodi gari hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa. Ukichukua gari Brasília na kulirudisha Cuiabá utalipishwa ada ya ziada, ilipe. Kurudi ni zaidi ya kilomita 1,000 nyingine.

Gari gani? Kwa kiangazi, gari dogo lililoinuka kidogo kutoka ardhini linatosha, na magari mengi ya bei nafuu huko ni ya gia za mkono. Gari la kuvuta kwa magurudumu manne si lazima, ila ukipata ahueni ya bei, lichukue kwa ajili ya Emas. Kabla hujasaini, fungua buti, lishushe tairi la akiba, lipime upepo, na uone jeki na spana kwa macho yako. Mimi niliamini maneno ya kijana wa ofisini, na nilipopata pancha kwenye barabara ya vumbi, kilomita nyingi kutoka mji wowote, nikakuta tairi la akiba halina upepo hata kidogo. Nilikaa saa nne kwenye kivuli cha mti mmoja nikisubiri lori. Uliza pia kama bima inafika kwenye barabara za vumbi, na jibu lake liandikwe.

Wanaendesha kulia. Kwa mtu wa Goma, Kigali au Bujumbura ni kama nyumbani. Sisi wengine tujikumbushe kila asubuhi tunapotoka kituo cha mafuta, maana ndipo kosa hutokea. Pombe na usukani havichangamani hata kidogo kisheria. Dharura za kukariri: 192 gari la wagonjwa, 190 polisi, 191 polisi wa barabara kuu, 193 zimamoto.

Mafuta yana hesabu yake. Magari mengi hunywa petroli au ethanoli ya miwa, au vyote kwa pamoja. Ethanoli ni rahisi lakini huisha haraka. Kanuni ya madereva wa Brazili: gawanya bei ya ethanoli kwa bei ya petroli, ikiwa chini ya 0.7, weka ethanoli. Anayekujazia ni mhudumu, usishike pampu mwenyewe.

Kuhusu saa, kuna jambo linalonifurahisha hadi leo. Brasília iko nyuma yetu kwa saa 6 kamili. Saa ya mkononi ukiiacha kama ilivyotoka Dar es Salaam au Mombasa, kule jua likichomoza itasoma 12, na baada ya saa moja itasoma 1. Yaani inasoma saa ya Kiswahili yenyewe. Raha hiyo inaisha ukivuka kuingia jimbo la Mato Grosso, ambalo liko nyuma ya Brasília kwa saa moja zaidi.

Hatua ya 4: Vifaa

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 kwa lenzi ya milimita 42, ndiyo ya kuaminika; ya 10x42 hutetemeka mkono ukichoka na joto. Darubini kubwa ya miguu mitatu itakufaa Emas na Pantanal, misituni ni mzigo tu. Pakua programu za simu Merlin, ya kutambua ndege, na eBird, ya kuandika orodha zako, pamoja na data za Brazili ukiwa bado na intaneti nzuri, kwa sababu mtandao hukatika mara tu unapotoka mjini. Jifunze pia kutumia WikiAves, tovuti ya Wabrazili wenyewe: unatafuta kwa jina la wilaya na unaona picha na sauti za ndege waliorekodiwa hapo. Kwangu ilikuwa na faida kuliko kitabu chochote, kwa kuwa inakuambia ndege alipigwa picha mwezi gani.

Kupe wa Cerrado wakati wa kiangazi ni wengi na ni wadogo kama punje ya mtama. Suruali ndefu ya rangi ya mwanga, iingizwe ndani ya soksi, dawa ya wadudu ipakwe hadi magotini, na jioni ujikague mwili mzima. Ukipata homa ndani ya wiki mbili, mwambie daktari kwamba uliumwa na kupe. Nyoka wapo, wakiwemo wenye njuga mkiani. Buti ndefu na kutazama unapokanyaga vinatosha.

Jifunze majina ya Kireno ya ndege 20 hivi. Mkulima wa jimbo la Goiás hajui majina ya vitabu vya Kiingereza, lakini ukimuuliza "ema", "curicaca", "coruja-buraqueira" au "tuiuiú" atakuonyesha kwa kidole. Na Kireno hakitakuwa kigeni kabisa kwako: meza, bendera na leso vilitoka huko vilikotoka "mesa", "bandeira" na "lenço".

Hatua ya 5: Jifunze kusoma nyasi

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Cerrado ni jina moja la mazingira mengi yanayopokezana ndani ya mita mia chache, na kila moja lina ndege wake ambaye havuki kwenda kwa jirani. *Campo limpo* ni nyasi tupu, bila kichaka. *Campo sujo* ni nyasi zenye vichaka vya hapa na pale. Inafuata nyika ya miti mifupi iliyopinda, ile inayoonekana kwenye picha, kisha *cerradão*, msitu mkavu wenye miti iliyokaribiana. Kwenye mabonde yenye unyevu kuna *vereda*, mistari ya miti ya buriti, jamaa wa minazi na michikichi, yenye majani kama kipepeo kikubwa cha kupungia upepo. Na kando ya vijito kuna utepe wa msitu wenye kivuli.

Ukisimamisha gari, jiulize kwanza umesimama kwenye mazingira gani, kisha ndipo umtaje ndege. Kwenye nyasi ndefu ambazo hazijaungua kwa miaka kadhaa, tafuta galito, ndege mdogo mweusi na mweupe ambaye dume lake hubeba mkia umesimama wima kama mkia wa ndege ya abiria na huruka kwa kupepesuka kama kipepeo. Kwenye nyasi zilizoungua miezi michache iliyopita, huyo hayupo. Yupo ndege wa rangi ya udongo anayeitwa andarilho, anayetembea chini kwenye majivu. Kwa hiyo moto mdogo wa hapa na pale huwapa wote mahali pao, na moto mkubwa wa mara moja huwanyima wengi.

Kwenye buriti angalia juu: arara wa buluu na njano, kasuku wakubwa wenye mkia mrefu, hulala na kutaga kwenye vigogo vya buriti vilivyokufa. Mbayuwayu wa michikichi hukata hewa juu yao. Ukiona buriti tatu zimesimama pamoja, simama nusu saa, hata kama njaa inauma.

Jambo moja linatuhusu sisi moja kwa moja. Nyasi nyingi unazoziona kando ya barabara na kwenye malisho ni za Afrika: brakiaria, ambayo wafugaji wetu wa ng'ombe wa maziwa wanaipanda, na nyasi ya mafuta inayoitwa huko *capim-gordura*. Zilipelekwa kulisha ng'ombe, zikatoroka, sasa zinazisonga nyasi za asili na kuongeza ukali wa moto. Jifunze kuzitofautisha. Nyasi ya Kiafrika iliyosimama kama zulia nene la kijani, bila ua wala kichaka, haina galito ndani yake. Usipoteze asubuhi yako hapo.

Hatua ya 6: Brasília, ndege aliyepewa jina la mji

Usiukimbie mji mkuu. Hifadhi ya Taifa ya Brasília, ambayo wenyeji huiita Água Mineral kwa ajili ya mabwawa yake ya kuogelea, iko ukingoni mwa mji. Asubuhi ya kwanza itumie kwenye njia za miguu zilizo karibu na mabwawa, uzoeshe macho na masikio kwa ndege wa kawaida: bem-te-vi wa manjano anayetaja jina lake mwenyewe, João-de-barro anayejenga nyumba ya udongo mfano wa tanuri, na tukani mkubwa wa mdomo wa rangi ya chungwa.

Asubuhi ya pili mtafute tapaculo wa Brasília. Ni ndege mdogo wa rangi ya jivu anayetembea chini ya msitu wenye tope kama panya, na mlio wake ni noti moja inayorudiwa kwa dakika nzima bila kupumzika. Mtaalamu wa ndege Helmut Sick alimtangaza kwa sayansi mwaka 1958, wakati mji ulikuwa bado unajengwa, akampa jina *novacapitalis*, la mji mkuu mpya. Mji ulizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960. Ndege alitangulia. Mtafute kando ya vijito vya misitu myembamba, kaa chini, nyamaza, na usubiri akupitie miguuni.

Bustanini mjini utakuta pia ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu kama nta, akila mbegu kwa makundi. Ni mwenzetu: alipelekwa kutoka Afrika kama ndege wa kizimba, akaachiwa, akazaana.

Hatua ya 7: Chapada dos Veadeiros

Kutoka Brasília hadi Alto Paraíso de Goiás ni kama kilomita 230 za lami nzuri. Lala hapo au endelea kilomita 36 hadi kijiji cha São Jorge, kwenye lango la hifadhi. Kati ya Alto Paraíso na São Jorge kuna bonde la buriti linaloitwa Jardim de Maytrea; fika hapo kabla jua halijatoka. Arara hupita wawili wawili, na kasuku wa uso wa njano, ambaye ni wa Cerrado hasa, hutua kwenye miti mifupi ya kando.

Siku moja tembea njia ya maporomoko ya Rio Preto, ambako maji huanguka mita 120. Joto la mchana huko juu ya miamba ni kali, kwa hiyo anza lango linapofunguliwa na ubebe lita 3 za maji. Kwenye maua ya vichaka mtafute ndege mvumaji mwenye pembe mbili za manyoya ya kung'aa kichwani, nyekundu, buluu na dhahabu kadiri mwanga unavyogeuka. Ni mdogo sana na hakai sekunde tatu mahali pamoja.

Goiás watakupa wali uliopikwa na tunda la pequi. Usilitafune! Ndani ya nyama yake ya manjano kuna miiba midogo inayochoma ulimi na fizi. Likwangue kwa meno ya mbele, polepole. Ukiona kichaka cha kimo cha goti chenye bibo dogo jekundu na korosho chini yake, hujakosea: ni ndugu wa mkorosho wetu wa Mtwara, maana mikorosho asili yake ni Brazili.

Hatua ya 8: Emas, kisiwa ndani ya bahari ya soya

Utarudi kupitia Brasília na Goiânia, halafu Rio Verde, Jataí na Mineiros. Igawe njia hiyo kwa siku mbili. Malori ya nafaka ni mengi, na baada ya jua kuzama barabarani hutoka kapibara na mlasisimizi mkubwa. Wote wawili wanaua na wanauawa. Saa kumi na moja jioni uwe umeshaegesha.

Lala Mineiros au Chapadão do Céu, na umtafute mwongozaji anayetambuliwa na hifadhi wiki kadhaa kabla. Hifadhi ya Taifa ya Emas ilianzishwa mwaka 1961, ina kilomita za mraba zipatazo 1,300, na tangu mwaka 2001 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na Veadeiros. Unaiendea katikati ya mashamba ya soya, mahindi na pamba yasiyo na mwisho, yaliyonyooka kama kamba, kisha ghafla upande mmoja wa barabara nyasi zinaanza. Nilisimamisha gari kwenye mstari huo. Kushoto hapakuwa na ndege hata mmoja aliyelia. Kulia sikuweza kuwahesabu.

Jina Emas ni la ema, ndege mkubwa asiyeruka anayefanana na mbuni wetu lakini mfupi, kama mita moja na nusu, na mwenye vidole vitatu mguuni badala ya viwili. Dume ndiye hulalia mayai ya majike kadhaa na kulea vifaranga. Mwezi Septemba utaona madume yakitanua mabawa na kuguruma kwa sauti nzito inayosikika kama ng'ombe mbali.

Ratiba ya siku iwe hivi. Uwe langoni kabla ya mapambazuko. Saa mbili za kwanza zitumie kwenye nyasi ndefu, ukiendesha kilomita 10 kwa saa, madirisha wazi, injini ikizimwa kila mita 300. Galito, ndege mdogo wa mkia uliochongoka, na ndege wa barakoa nyeusi mwenye mdomo wa njano hupanda juu ya mashina ya nyasi saa hizo tu. Tinamu mwenye mabawa mekundu hupiga mbinja tamu ya huzuni. Mwili wake ni wa kwale mnene, na kumwona ni bahati. Jua likishapanda, geukia vichuguu: kigotago wa nyikani huvitoboa, na bundi wa mashimo husimama wima mlangoni mwake mchana kweupe akikukodolea macho. Kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri pumzika kando ya vijito. Jioni rudi kwenye nyasi.

Omba kibali cha kubaki hadi giza liingie, kama mwongozaji anaweza kukupatia. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kirukanjia mwenye mabawa meupe, anayejulikana katika maeneo machache tu ya Amerika Kusini. Dume hutua juu ya kichuguu na kucheza gizani, na tochi ikimpiga mabawa yake huwaka kama karatasi. Ya pili si ndege. Mvua za kwanza zikinyesha, viluwiluwi vya mbawakawa fulani wanaoishi kwenye vichuguu hutoa mwanga wa kijani kuvuta wadudu wa kula. Uwanda mzima hujaa vichuguu vyenye taa ndogondogo, kama mji unaoonekana kutoka mlimani. Wanaokwenda Julai hawauoni.

Seriema utawaona hapa kila siku. Kila Mtanzania au Mkenya niliyemwonyesha picha alisema "huyu si karani?" Miguu mirefu, kishungi, hutembea nyikani akipiga nyoka na mijusi chini hadi wafe. Lakini si ndugu. Seriema yuko karibu zaidi na kozi na kasuku. Nyika zinazofanana zimewapa kazi moja na umbo moja.

Hatua ya 9: Hadi Cuiabá, na mlima juu yake

Mineiros hadi Cuiabá kupitia Rondonópolis ni kama kilomita 500, na barabara ya BR-364 ina malori marefu yasiyopitika kirahisi. Usishindane nayo. Kula kwenye migahawa ya malori inayopima chakula kwa kilo: wali, maharage, mboga, nyama, unalipia uzito wa sahani. Mtu wa kwetu hatashinda njaa Brazili.

Cuiabá yenyewe ni tanuri. Endelea kama kilomita 65 hadi Chapada dos Guimarães, juu ya kingo za mawe mekundu, ambako usiku kuna hewa. Nenda kwenye poromoko la Véu de Noiva, mita 86, lango linapofunguliwa: arara wekundu na kijani hutaga kwenye mianya ya ukuta wa mawe na hupita chini yako, kwa hiyo unaona migongo yao, jambo ambalo kwa kasuku ni nadra. Kwenye nyika ya juu mtafute shore wa buluu kabisa mwenye mdomo wa njano, na kunguru mwenye kishungi kilichojikunja mbele.

Hatua ya 10: Transpantaneira

Kutoka Cuiabá hadi Poconé ni kama kilomita 100 za lami. Jaza tangi Poconé hadi juu, chukua maji na fedha taslimu. Mbele yako ni kilomita 145 za vumbi hadi Porto Jofre, kwenye mto Cuiabá, zenye madaraja yapatayo 120, ambayo mengi yalijengwa kwa mbao. Barabara ilianzishwa miaka ya 1970 ikikusudiwa kufika mji wa Corumbá. Ilisimama mtoni na haikuendelea. Udongo wa kuinua tuta ulichimbwa pande zote mbili, yakabaki mashimo yanayojaa maji, na hayo ndiyo karamu ya ndege.

Kila daraja la mbao, shuka, litazame, ndipo upite polepole magurudumu yakiwa juu ya mbao ndefu. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa unatosha; kwa mtazamaji ndege hata huo ni mwingi. Gawa njia kwa vituo vitatu. Usiku wa kwanza lala kwenye shamba la ng'ombe lililogeuzwa nyumba ya wageni ndani ya kilomita 40 za mwanzo. Usiku wa pili kwenye mto Pixaim, karibu nusu ya njia. Mbili za mwisho Porto Jofre. Weka nafasi miezi sita kabla, kwa sababu msimu wa jagwa hujaza vitanda vyote.

Mashambani amka ukae kwenye ua. Mutum, ndege wa ukubwa wa bata mzinga mwenye kishungi kilichosokotwa, hudonoa chini ya miembe. Arara wa buluu, mkubwa kuliko kasuku wote warukao, urefu wa karibu mita moja, huja kula kokwa za miti ya acuri na bocaiuva, na hutaga hasa kwenye mashimo ya mti mmoja tu, manduvi. Tukani hula mayai yake. Na tukani huyohuyo ndiye msambazaji mkuu wa mbegu za manduvi. Aliyejifunza hayo kwa miaka mingi ni Neiva Guedes, mtafiti wa Mato Grosso do Sul aliyeanza kazi ya kuwalinda arara hawa mwaka 1990, akitundika viota vya mbao pale manduvi walipopungua. Ukimwona arara wa buluu akichungulia kutoka kwenye sanduku, ni matunda ya kazi hiyo.

Tuiuiú, korongo mweupe mwenye kichwa cheusi na shingo nyekundu chini, hujenga kiota cha vijiti kikubwa kama kitanda juu ya mti mmoja uliosimama peke yake. Kituo cha gari kiwe mbali. Domomwiko wa waridi, kulasitara wa aina nyingi, na yangeyange watakuwa kwenye kila dimbwi kando ya mamba wadogo. Yangeyange wa ng'ombe ni yuleyule wa kwetu: alivuka Atlantiki kwa mabawa yake mwishoni mwa karne ya 19 na leo anafuata ng'ombe wa Pantanal kama anavyofuata wa Wamasai.

Pixaim chukua mtumbwi wa asubuhi. Lengo ni midiria yote mitano ya Brazili, kuanzia mkubwa mwenye kifua chekundu hadi mdogo wa kijani anayetoshea kiganjani. Wote wanaishi hapa, na asubuhi moja yenye kivuli inaweza kukupa watano. Mwambie mwendesha boti azime injini kwenye vijito vyembamba na akuache kimya. Huko ndiko aliko kulasitara wa agami, mwenye shingo ndefu ya rangi ya kahawia nyekundu, anayejificha gizani chini ya matawi.

Porto Jofre boti zote hukimbilia jagwa. Nenda siku moja, ni mnyama wa kuonwa. Siku ya pili kodi boti ya peke yako, na umweleze mapema kwamba simu ya redio ikiita "jagwa" hamtakimbia. Fukwe za mchanga wa mto zina shakwe wenye mdomo wa chini mrefu kuliko wa juu, wakilala kwa mistari na viota vyao wazi mchangani. Usishuke hapo. Mayai yana rangi ya mchanga, na jua la saa nne huyaua mzazi akiondoka kwa dakika chache.

Neno kuhusu kupiga sauti za ndege kwa spika. Piga mara mbili au tatu, sekunde chache kila mara, kisha zima. Dume anayekujia anaacha chakula na jike lake kupigana na adui asiyekuwepo. Kwa galito na kirukanjia wa Emas, usipige kabisa. Idadi yao ni ndogo na wageni ni walewale kwenye barabara zilezile. Kwenye hifadhi, sheria za mahali ndizo za kwanza, muulize mwongozaji wako.

Hatua ya 11: Kutoka

Siku ya kurudi ondoka Porto Jofre kabla ya mapambazuko, maana kilomita 145 zitakuchukua asubuhi nzima hata ukiapa kwamba husimami tena. Poconé jaza mafuta na uoshe gari nje na ndani. Vumbi jekundu likikutwa kwenye viti utalipishwa usafi kwa bei usiyoitaka. Piga picha za gari pande zote nne likiwa safi, na geji ya mafuta ionekane.

Orodha zako zipakie eBird na picha WikiAves usiku huohuo Cuiabá, kabla majina hayajachanganyika. Kwa kila ndege wa nyasi andika pia nyasi zilikuwa ndefu kiasi gani na kama zilikuwa zimeungua. Na mahali ulipotafuta galito usimpate, andika hivyohivyo, na saa uliyotafuta.